Nasubiri "ila"

Mwaka 2003, Tanga, nilikuwa na miaka 27. Nesi mdogo niliyetoka kwenye mafunzo ya unasihi ya wiki chache, nikapewa chumba chenye meza, viti viwili na feni iliyolia kila ilipofika pembeni. Kazi yangu ilikuwa kumkalisha mtu chini na kumpa majibu ya kipimo cha virusi vya UKIMWI. Vituo vya Angaza vilikuwa vimeanza 2001, redio ikihimiza watu wapime kwa hiari, na watu walikuja. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado. Serikali ilianza kuzitoa bure mwishoni mwa 2004. Kwa hiyo mtu akiwa na virusi, mimi sikuwa na kidonge cha kumpa. Nilikuwa na maneno tu.

Siku moja akaingia dada wa umri wangu. Nikampa majibu. Akanyamaza, macho kwenye mikono yake. Ule ukimya ukanitisha. Nikasema, "Pole sana dada. Jipe moyo, Mungu yupo." Akajibu kama tunavyojibu sote: "Nishapoa, ahsante." Akafunga ushungi wake vizuri, akatoka. Kwenye daftari nikaandika: amepokea vizuri.

Nililala usingizi usiku ule. Niliona nimefanya kazi nzuri.

Tukaja kukutana tena 2005, kliniki, yeye akiwa kwenye foleni ya dawa na kadi yake mkononi. Alinikumbuka kabla sijamkumbuka. Tulisalimiana kwa furaha, amenenepa, anafanya biashara ya vitenge. Tulipokuwa tunaagana akanishika mkono. "Dada, siku ile nilitaka kukuuliza kitu. Ulipotoa pole nikaona maongezi yamekwisha."

Nikamuuliza alitaka kuuliza nini.

"Nilitaka kukuuliza nimwambieje mama."

Mama yake alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma. Hakuwahi kumwambia. Miaka miwili walilala nyumba moja, yeye akificha kadi ndani ya foronya.

Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka 20 sasa. Nilirudi shule, nikasomea saikolojia tiba, nikawa na chumba changu mwenyewe ambamo watu huja kwa ndoa, kwa misiba, kwa kukosa usingizi, kwa hofu ambazo hazina jina. Lakini yote niliyojifunza yanarudi kwenye foleni ile. Katika mafunzo tulikuwa tumekaririshwa mambo matatu aliyoyaandika Mmarekani Carl Rogers mwaka 1957: mshauri awe mkweli, amkubali mtu bila masharti, amwelewe kutoka ndani ya dunia yake huyo mtu. Niliyajua kwa moyo. Ningeulizwa siku ile ningeyataja bila kukosea hata moja. Hayakunizuia kumfungia dada wa watu mlango kwa neno zuri kuliko yote tuliyo nayo.

Maana pole ni neno zuri. Sitaki mtu anielewe vibaya. Ni neno ambalo wageni wakijifunza lugha yetu hulipenda, kwa sababu unampa mtu aliyejikwaa, aliyefiwa, anayebeba mzigo, aliyetoka kazini. Kasoro iko kwenye jibu lake. Ukipewa pole, adabu inakudai useme umeshapoa. Umefiwa jana, jeneza limetoka asubuhi, na unasema "nishapoa". Vivyo hivyo na salamu nyingine. "Hujambo?" "Sijambo," yaani sina jambo, hata kama jambo limekukaa kifuani kama jiwe la kusagia. "Habari za nyumbani?" "Nzuri." Lazima iwe nzuri. Nimewahi kuwasikia watu wawili barabara ya kumi na mbili: "Habari za siku?" "Nzuri, ila tumemzika baba Jumapili."

Sentensi hiyo ndiyo imenifundisha kazi kuliko vitabu. Nilipoanza kuisikiliza kwa makini niligundua watu wetu hawafichi, kama wanavyosemwa. Wanasema. Wanatanguliza heshima, wanamtuliza anayeuliza ili asishtuke, ndipo wanaifikia habari yenyewe, na mlango wake ni neno dogo: ila. Anayeharakisha anaondoka na "nzuri". Anayekaa kidogo anaipata habari ya msiba. Dada yule alikuwa ameshatoa "nishapoa" yake. "Ila" ilikuwa inakuja. Mimi nikawa nimeshainuka kufungua mlango.

Kusubiri kunasikika kama jambo jepesi. Mwaka 2014 binti mmoja alimleta baba yake, mzee wa miaka 68 wa Muheza, mkulima wa machungwa. (Watu ninaowasimulia nimewabadilisha vya kutosha wasitambulike, na mzee huyu aliniruhusu kusimulia.) Alikuwa anaumwa kichwa. Kinawaka moto, alisema, na usiku sisimizi wanatembea ndani yake. Alikuwa amepimwa presha, malaria, taifodi, amepigwa picha, na kila mahali anaambiwa hana kitu. Hilo lilimuudhi kuliko maumivu, kwa sababu alianza kuonekana mwongo mbele ya wanawe.

Nilitoa karatasi ya maswali tisa tunayotumia kupima sonona. Unamuuliza mtu kuhusu wiki mbili zilizopita: kukosa hamu ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya kula na kadhalika, na kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3. Jumla ikifika 27 ndiyo mwisho. Nilipomuuliza kama amekuwa na huzuni au kukata tamaa, akanijibu, "Alhamdulillahi." Nikaandika 0. Kama anajiona ameshindwa maisha? "Mungu hajaniacha." 0. Alipata alama za usingizi na uchovu peke yake. Kwa karatasi ile, mzee alikuwa mzima. Karatasi hiyo ina faida yake, bado ninaitumia. Ila inauliza jambo la kwanza kabisa ambalo mwanaume wa makamo yake alifunzwa kutolisema, tena inamtaka aliseme mbele ya mtu wa umri wa binti yake.

Maana hapo palikuwa na kikwazo kingine. Nilimpokea kwa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniita mwanangu. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, na sikutaka iwe vinginevyo. Lakini mzee halii mbele ya mwanawe. Vitabu vyetu vilivyoandikwa Ulaya na Marekani vinamweka mtaalamu na mteja uso kwa uso, sawa kwa sawa, wakiitana majina. Kwetu yule anayekuja kusaidiwa ndiye mkubwa, na anayesaidia anapaswa kuinamisha macho. Siku ya tatu niligeuza viti. Tukakaa sambamba, sote tukitazama dirishani, kama watu wawili barazani.

Nikamwamkia. Nikamuuliza habari za Muheza. "Nzuri. Machungwa yameanza kuiva." Nikanyamaza. Nje kulikuwa na mtu anauza kahawa, anagonganisha vikombe vyake. Nilihesabu pumzi zangu, kwa sababu bado ule ukimya unanitisha, miaka yote hii. Vikombe vikapita, vikaenda mbali.

"Ila mwaka huu sina wa kupanda juu."

Kijana wake wa mwisho ndiye aliyekuwa akipanda mitini kuchuma. Alikufa kwa ajali ya pikipiki mwaka uliotangulia. Simu ilipigwa saa nane za usiku. Nilipomuuliza siku hiyo moto wa kichwani huanza saa ngapi, alinitazama kwa mara ya kwanza, akasema, "Saa nane." Halafu akavua kofia yake, akaifunika usoni.

Sikumpa pole. Ni kazi ngumu kwa mtu wa pwani kukaa karibu na mzee anayelia na kulimeza neno hilo. Alipomaliza akavaa kofia. "Hukunipa pole," akasema. Nikamuuliza kama angependa nimpe. "Hapana, mwanangu. Nimepewa nyingi."

Alikuja kwa miezi mitano. Moto wa kichwani sikumwambia kwamba kwa kweli ni huzuni. Niliwahi kufanya hivyo kwa wengine zamani, nikiona ninawafumbua macho, na wengi hawakurudi, kwa sababu mtu aliyeunguzwa anajua anaungua. Tulizungumza kuhusu moto kama moto: unawaka lini, unapungua akiwa wapi, nani yupo karibu. Ulipungua akiwa shambani, asubuhi, pamoja na mjukuu. Basi akawa anaenda na mjukuu. Siku ya mwisho alileta kapu la machungwa. Kanuni za taaluma zinatuonya kuhusu zawadi, na sababu zake ni za maana. Nilipokea, nikamenya moja, tukala.

Sonona ni neno lililokubalika kitaalamu, na limetoka mahali pazuri, maana kusononeka ni kuumia ndani kwa ndani. Lakini sijawahi kumpokea mtu aliyeniambia ana sonona kabla hajaambiwa na daktari. Wanasema moyo unaenda mbio, roho imesinyaa, mwili hauna nguvu. Zaidi ya yote wanasema, "Nina mawazo." Nilipofundishwa kazi niliyatafsiri haya haraka kwenda kwenye lugha ya vitabu. Siku hizi ninayaacha yalivyo na kuuliza: mawazo mangapi? Swali hilo limenipa majibu ambayo karatasi haijawahi kunipa. Mama mmoja alisema manne, akayataja kwa vidole, na kidole cha nne akakikunja bila kukitaja. Tulikirudia wiki ya sita.

Yapo mambo ambayo maneno peke yake hayayawezi, na hapo ninaandika barua ya rufaa kwa daktari wa akili bila kusita. Shida inakuja kwenye uso wa familia. Watu wa Tanga tumekua tukitishwa utotoni kwa hospitali ya akili ya Lutindi, kule milimani Usambara, wilaya ya Korogwe, kama wa mikoa mingine wanavyotishwa kwa Mirembe ya Dodoma. Lutindi ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani 1896 kulea watoto waliookolewa utumwani, ikaanza kupokea wagonjwa wa akili 1904. Zaidi ya miaka 100 watu wanatibiwa pale, na jina lake bado linatumika mtaani kama tusi. Ninapowaeleza ndugu kwamba mahali pale palianza kama nyumba ya watoto waliokuwa hawana kwao, baadhi yao hutulia kidogo.

Kuna "ila" nyingine zinazocheleweshwa na sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Familia inamleta kijana, inasema alikosea dawa, na kila mmoja chumbani anajua. Kwa jirani zetu Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba yao. Siku niliposikia habari hiyo nilimkumbuka baba mmoja aliyekaa mbele yangu saa nzima akirudia "alikosea dawa", huku mwanawe akitazama sakafu. Mtoto alikuwa tayari kusema. Baba alikuwa anamlinda asifungwe. Sisi sote watatu tulikuwa na nia njema, na kijana akaondoka na siri yake.

Jambo jingine lililonigharimu ni lile jina la kazi yetu. Mshauri ni mtu anayetoa ushauri, na watu wanakuja kuudai. Wanalipa nauli, wanaacha biashara, wanakaa: "Niambie nifanye nini." Miaka ya mwanzo nilitoa. Mama mmoja aliyekuwa anapigwa nilimwambia aondoke, nikasema kwa uhakika wote wa mtu asiyelala kwenye nyumba ile. Akaondoka. Kaka zake walikataa kumpokea, watoto walibaki kwa mume, na miezi minane baadaye alikuja kunionyesha hali yake. Hakuja kulaumu, alikuja kunijulisha tu. Bado naamini hakupaswa kukaa pale akipigwa. Kosa langu ni kwamba sikumuuliza atalala wapi, nani atampokea, watoto watatokaje, nani mwingine anajua. Alikuwa na majibu ya maswali hayo kuliko mimi. Angepanga kuondoka kwake kwa namna ya kumfikisha salama, lau ningemwachia nafasi ya kufikiri kwa sauti.

Nimefika kwenye sehemu ambayo nimeiahirisha.

Mama yangu alifariki 2017. Tulikaa matanga siku tatu, nikahudumia wageni, nikagawa chai, na kila aliyenipa pole nikamwambia nishapoa. Siku ya tano nilikuwa kazini. Miezi ikapita. Bega la kushoto likaanza kuuma, usingizi ukawa unakatika alfajiri, na nikawa ninapika bila kuonja. Siku moja mteja, binti wa chuo, alianza kuzungumza juu ya mama yake, nami nikatazama saa. Nikafunga mazungumzo dakika kumi kabla ya muda. Nilijua nilichofanya hata kabla hajafika getini.

Nina mtu anayenisimamia kazi, mama mtu mzima ninayekutana naye kila mwezi kumweleza ninavyofanya. Nilimweleza hilo la saa. Akaniuliza, "Mama yako umemlilia lini?" Nikaanza kumweleza kuhusu matanga, wageni, khitma. Akasubiri. Kisha akanipa namba ya mwenzetu Dar es Salaam.

Nilikuwa nikipanda basi kila wiki mbili, Tanga hadi Dar, asubuhi naondoka na usiku narudi. Mara ya kwanza aliniuliza habari za safari. Nzuri. Akanyamaza. Niliichukia ile nyamazo kwa moyo wangu wote. Niliijua, mimi ndiye ninayeitumia kwa wengine, na bado ilinibana kama kiatu. Nikazungumzia basi, joto, bei ya nyanya. Mara ya pili hivyo hivyo. Nikamlipa, nikapanda basi, nikaapa sirudi. Nikarudi.

Mara ya nne nikasema.

Mama alinipigia simu Jumatano mchana. Nikamwamkia, nikamuuliza hali. Akasema, "Sijambo mwanangu, ila nilitaka..." Kulikuwa na mteja amefika, namwona kupitia pazia. Nikamwambia, "Mama, nina mtu ananisubiri, nitakupigia jioni." Jioni nilipopiga wakaniambia amelala. Alfajiri presha ilipanda. Sikuwahi kujua alitaka nini.

Niliyasema hayo mtu mzima wa miaka 41, nesi, mtaalamu, na nikalia mpaka shela ikalowa. Mwenzangu hakuniambia si kosa langu. Wengine wote wangeniambia hivyo, na ndiyo maana sikuwa nimewaambia. Alingoja, kisha akauliza: "Wewe unadhani alitaka nini?" Swali hilo lilitukalisha miezi. Mwanzoni nilijibu mambo makubwa tu: alikuwa anajisikia vibaya, alitaka kuniaga, alitaka nimpeleke hospitali. Baadaye nikaanza kumkumbuka mama mwenyewe, sauti yake, simu zake za mchana. Alikuwa akipiga kuulizia kama nitakuja Ijumaa. Alikuwa akipiga kuniambia paka wa jirani amezaa. Siku moja nikiwa kwenye basi, tumepita Segera, likanijia kwamba huenda alitaka nimletee tambuu. Nikacheka na kulia pamoja, abiria wa pembeni akanipa chupa ya maji.

Huko ndiko nilikokuja kulielewa neno nafuu. Lugha yetu haiwalazimishi watu kupona. Ukimuuliza mgonjwa, anaweza kukwambia hajapona lakini amepata nafuu, na sote tunafurahi naye. Bega langu lilipata nafuu. Usingizi ulirudi. Ile simu ya Jumatano ipo, na ninaamini itakuwepo. Inakaa mahali pake, haiingii tena chumbani wateja wanapozungumza juu ya mama zao.

Sasa ninafundisha vijana wanaoanza kazi hii. Huwa ninawasimulia kuhusu benchi la Zimbabwe. Daktari Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari wachache wa akili nchini mwake, alimpoteza binti aliyekuwa akimtibu. Binti huyo alijiua, na familia ilikuwa imekosa nauli ya kumrudisha hospitali. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare, Harare, akaanza na bibi 14, akawafunza kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa 2016 uliwafuatilia watu 573: baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona miongoni mwa waliokaa na bibi hao walikuwa kama asilimia 14, na kwa waliopata huduma ya kawaida asilimia 50. Bibi hao wanatumia neno la Kishona, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Ni "nina mawazo" yetu ile ile. Hatua yao ya kwanza wanaiita kuvhura pfungwa, kufungua akili. Vijana hunakili takwimu. Mimi ninawaomba wamtazame bibi aliyekaa kwenye benchi hana haraka.

Kisha ninawaweka wawili wawili. Mmoja anauliza habari, mwingine anajibu nzuri, halafu wanakaa dakika mbili bila neno. Wanacheka, wanakohoa, wanatazama simu. Dakika mbili ni ndefu mno kwa mtu wa miaka 24 anayetaka kusaidia. Mwezi uliopita kijana mmoja aliinua mkono akiwa amekunja uso kweli kweli.

"Mwalimu, na asipofika kwenye hiyo ila?"

Nikamwambia basi wiki hiyo ndiyo imekwisha. Amsindikize hadi mlangoni, amwambie Alhamisi ijayo saa ile ile, na akija amwamkie upya.